Mikate ya Bahari

Baba aliyaficha ndani ya kopo la maziwa ya unga
chini ya kitanda, Katuba, miaka arobaini na kitu:
mawe tisa. Aliyaita mikate,
kwa kuwa ni ya duara, yamevimba kidogo katikati
kama ile ya Mama Mujinga inayogeuka yenyewe kwenye mafuta
alfajiri, kabla ya wanafunzi kupita.

Alikuwa mfunga breki. Shaba ilishuka naye juu yake,
Dilolo, kisha nchi ya Wareno,
siku kadhaa, hadi pale reli inapoishiwa na ardhi.
Huko, alisema, nyuma ya stesheni pana kilima cheupe;
ukikipiga teke kinatapika bahari.

Mwaka ule vita vilipokata reli
shaba ilitafuta njia nyingine.
Baba hakutafuta. Alibaki na kopo.

Mimi ni mshonaji. Nilipolifungua, baada ya matanga,
niliona udongo mgumu tu, rangi ya bukari lililolala.
Kaka yangu Kaumba, anayeng'arisha malakiti
na kuiuza kando ya barabara ya Kipushi,
akaja na chupa yake. Jiwe ni jiwe, dada.
Tone moja. Jiwe likachemka, likalia,
na nyota iliyokuwa mgongoni mwake
ikapoteza mikono miwili tukiitazama.

Kaumba akafunga chupa. Hakusema kitu.
Akanisaidia kuosha beseni.

Basi nikaanza upya, kwa vitu vyangu.
Maji ya mvua, usiku mzima.
Mswaki wa mwanangu, wa zamani, nywele zimelala.
Sindano ya jinzi, namba kumi na sita,
na umeme ukikatika, mshumaa, na kidole.
Kidole kinajua kabla ya jicho:
vidoti, viwili viwili, vinateremka kwenye kila jani la nyota
bila kuruka hata kimoja.
Nilidhani ni mchanga umeng'ang'ania.
Ni mshono.
Nina cherehani tangu mwaka wa harusi yangu
na sijawahi kupiga mstari ulionyooka hivyo.

Mengine si bapa, ni mviringo kama limau.
Kijana wa chuo aliyeleta suruali kupunguzwa
akasema huyo ni nungu wa bahari.
Miiba iko wapi? Ilidondoka alipokufa.
Kila kinundu hiki ni kiti cha mwiba mmoja.
Nilihesabu viti hadi mia tatu, kisha mteja akaja.

Mdomo uko chini, katikati, mdogo kama tundu la kifungo,
umejaa mchanga. Alikufa akila.
Nauchokoa kwa njiti ya kiberiti, taratibu,
kama mtu anayemlisha mgonjwa,
ila kinyume.

La tisa lilinila jioni tatu.
Nilisugua, nikaloweka, nikasugua,
nikabadilisha sindano.
Hakuna nyota. Hakuna mdomo.
Ni kokoto la reli, Baba,
la kawaida, na doa la grisi ubavuni.
Sijui kama ulikosea gizani
au ulilitaka hilo hasa.
Nimelikausha kwa kitambaa kilekile
nikalirudisha kwenye kopo, la kwanza.

Kaumba amekuja tena Jumapili. Amelishika lile alilolichoma,
amelizungusha kwenye mwanga kama anavyofanya na mali.
Nikajua atauliza bei.
Akauliza kama bahari ina harufu.
Nikamwambia sijui, mimi nimefika Likasi tu.

Beseni lilibaki na maji meupe, mazito, kama ya kuoshea mchele.
Nilitaka kuyamwaga mtaroni.
Nikayapeleka nyuma ya nyumba, kwenye lengalenga,
nikayagawa shina kwa shina,
matope ya chini ya bahari,
Katuba, saa kumi na mbili jioni,
jirani akiniuliza juu ya ukuta
mbona namwagilia na mvua inakuja.